Mwenye Kifua

Nyumba ya Bi Rukiya, Majengo:
vyumba sita, ukumbi mmoja, choo kimoja,
na kuta zisizofika darini.
Ndiyo maana sote tulijua
Tsuma amerudi kutoka Shimanzi:
kwanza komeo, kisha ndoo,
kisha kile kikohozi.

Waliosema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki,
hawakukodi chumba cha pili
na mgonjwa yuko cha tatu.
Mimi nilikodi.
Nilikuwa nashona sare, Januari iko mlangoni,
mguu wangu juu ya cherehani
ukajifunza mwendo wake:
akikohoa nasimama,
akinyamaza napitisha pindo.
Kuna marinda ya wasichana wa Tononoka
yaliyopindwa kwa pumzi za Tsuma
na mama zao hawana habari.

Alikuwa mtu mwenye kifua.
Umwambie lako leo, umelizika.
Alijua nani alilipa kodi kwa pete ya mkewe.
Alijua nina mtoto kule Vanga.
Hakumwambia mtu.
Sasa kifua kilekile kikawa kinamsema yeye,
usiku kucha, nyumba nzima inasikia.

Makohozi yalipotoka na uzi mwekundu
alikwenda Makadara mwenyewe, kwa miguu,
akarudi na bahasha ya kaki
na dawa za miezi sita.
Kesho yake kikombe chake cha bati, chenye ua la samawati,
kilikutwa juu ya tangi la maji, peke yake,
kama kiatu kilichookotwa.
Hakuna aliyeuliza nani.
Ilikuwa alfajiri.
Nilikishika kwa ncha ya leso.

Wiki hiyo Bi Rukiya akatoka chooni na mayowe:
damu! Mtu amemwaga damu!
Haikuwa damu. Ni vile vidonge,
hugeuza mkojo ukawa rangi ya achari.
Tsuma akaja na ufagio,
akakisugua choo mara tatu,
hakujibu neno.

Mwezi wa pili, usiku mmoja, kimya.
Nikakanyaga cherehani, nikangoja.
Kimya.
Sindano ikanichoma kidole.
Nikasema, basi, amekwenda.
Nikagonga mlango wake saa nane za usiku,
mwanamke peke yangu, sikujitanda hata,
naye akafungua, uso umejaa alama za mkeka.
"Kuna nini, Mama Sare?"
"Hukukohoa."
Akacheka. Kicheko kizima,
kisichokatika njiani.

Kisha wakaja muuguzi na kijana wa kuandika majina,
wakatugawia vikopo, vifuniko vyekundu,
vya namna moja, kwa sote,
hata Bi Rukiya na mikono yake ya unga wa mahamri.
Tukapangwa uani kabla ya chai.
Jambo gumu kukohoa ukiombwa!
Tulisafisha koo kama watu wanaotaka kuposa.
Ikabidi Tsuma atufundishe:
vuta, shika, vuta tena,
sasa. Kutoka chini ya mbavu. Usione haya.

Muuguzi akatazama dirisha langu,
mbao tatu na misumari tangu mwaka wa wezi.
"Hewa inaingilia wapi hapa?"
Sikuwa na jibu.
Nilikuwa nimefunga nje mkono wa mwizi
na ndani nimefungia kila kilichopita juu ya ukuta.
Tsuma ndiye aliyeleta nyundo.
Misumari ilitoka ikilia, kutu tupu,
na mwanga ukaanguka juu ya cherehani
nikaona vumbi la nyuzi, miaka yote hiyo,
likielea mle nilimokuwa navuta.

Majibu yangu ni Alhamisi.
Kikombe nimekirudisha rafuni,
katikati ya vingine, ua linatazama mbele.
Sijui kama alijua ni mkono wa nani.
Asubuhi alikichukua, akanywa chai,
akanitolea salamu ile ya kila siku.
Kama alijua,
ana kifua.